Gundi ya Muhogo

Usiku wa kwanza tulipika gundi katika sufuria ya ugali:
unga wa muhogo, maji ya Nyamwamba,
na pilipili ya kusaga, ili mbuzi wasiyale mabango.
Kulipokucha, Kabugho alikuwa ameshika ukuta wa zahanati,
mlango wa bucha, nguzo za umeme
kutoka Bulembia hadi pale lami inapokata tamaa.
Alitabasamu mara mia mbili barabarani.
Nyumbani alikuwa anahesabu.

Kuhesabu ndiyo kazi aliyoiacha:
miaka kumi na tisa, darasa la sita, chaki kwenye nyusi.
Sheria inataka mtumishi wa umma ajiuzulu kwanza
ndipo aombe kuutumikia umma.
Barua yake aliisoma kwa sauti,
akasahihisha nukta moja, akaifunga kwa mate.
Shilingi milioni tatu za fomu:
shamba la kahawa la bondeni,
na ng'ombe mmoja ambaye bado namkumbuka kwa jina.

Tume ikampa alama ya ngazi.
Wenye chama wakacheka:
ngazi haisimami, huegemea ukuta wa mwenye nyumba.
Naye akapanda meza kule Kyanjuki,
mbele ya wazee waliochimba shaba hadi mapafu yakachoka,
akasema, "Baba alishuka ngazi futi mia tisa,
asubuhi ya Jumanne. Hamkusahau.
Mimi siahidi mbingu. Naahidi daraja,
lile lililochukuliwa na mafuriko.
Mita ishirini na mbili. Nimepima kwa kamba."

Kimya.
Kisha mmoja: "Na sabuni?"

Sabuni ilikuja na lori la Mheshimiwa,
miche miwili kila mlango,
hata wetu. Tukafulia fulana za ngazi.
Misibani watu walitutazama mikono kabla ya uso.
Harusini jina letu liliitwa kwenye kipaza sauti,
likaitwa tena, mpaka tukatoa.
"Tunakula kwa Mheshimiwa," walituambia njiani,
"kura ni ya Mwalimu."
Nami nikaamini,
kwa kuwa ilikaa vizuri mdomoni.

Siku yenyewe nilikuwa wakala wake, uwanja wa shule ileile:
meza mbili, kamba, beseni la bluu la kutilia alama.
Nilipiga kura mapema, kwa dole gumba,
nikakunja karatasi haraka. Mvua ilikuwa inakuja.

Jioni tulihesabu kwa mwanga wa simu.
Msimamizi aliinua moja moja:
Ndoo. Ndoo. Ngazi. Ndoo.
Ndoo. Ngazi. Ndoo. Ndoo.
Waliokula kwake mezani Jumapili nawajua kumi na wanne.
Ngazi zilikuwa tisa.
Halafu akaisogeza karatasi moja karibu na taa, akaigeuza:
wino umepakazika kati ya ngazi na ndoo,
na pembeni ganda jeupe, kavu,
lenye punje nyekundu ya pilipili.
"Imeharibika. Wakala, unakubali?"
Nikatia mikono mfukoni.
Nikasema, nakubali.

Hakushindwa kwa moja.
Alishindwa kwa mia nne na kumi na saba,
na hilo hunisaidia hadi saa nane za usiku, halizidi.

Kesho yake watu walimtaka aende mahakamani.
Akatandika fomu zote sakafuni, akapiga magoti,
akajumlisha kituo kwa kituo.
Namuhuga walikosea kweli.
Walimzidishia tisa.
Tukamtazama.
Akaomba kalamu nyekundu.

Sasa anafundisha watoto wa jirani barazani, bila mshahara.
Ukuta wa zahanati bado una jicho lake moja na nusu ya tabasamu;
mbuzi hulamba, hupiga chafya, huondoka.
Mtoni watu huvuka kwa gogo.
Ile kamba ya mita ishirini na mbili tumeifunga uani,
tunaanikia nguo,
nazo zinanukia, mpaka leo,
sabuni ya Mheshimiwa.